Mwendo wa Wawili Katika Msafara wa Wengi

Miongoni mwa neema ambazo barabara ya lami imeuletea mji wetu wa Babati, iko moja ambayo hakuna mhandisi aliyeitia katika michoro yake, nayo ni starehe ya kupanda baiskeli pasipo haja. Kabla ya kutiwa lami kwa barabara ya Dodoma hadi Babati yenye urefu wa kilomita 251, iliyofunguliwa rasmi mwezi wa Aprili mwaka 2018, njia ile ya kusini, ipitayo kando ya Ziwa Babati na kuelekea Bonga na Kondoa, ilikuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika, na aliyeipita kwa baiskeli aghalabu alikuwa ama anapeleka mzigo ama anakwenda kuuchukua. Leo, siku za mapumziko, kabla jua halijapanda juu ya Mlima Kwaraa, utawaona watu wakinyonga pedali ilhali keria zao ni tupu, hazina dumu la maji wala gunia la mahindi, nao wanakwenda kwa ajili ya kwenda tu, kisha wanarejea makwao. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni upuuzi wa watu walioshiba. Mimi naliona kuwa ni dalili njema, kwa maana mji ambao watu wake hawajui kutoka nje ila kwa shida huwa umewanyima nusu ya haki yao ya kuishi ndani yake.

Ama misafara mikubwa ya baiskeli, ile ambayo mamia au maelfu ya watu huondoka pamoja si kwa kushindana bali kwa kusuhubiana njiani, si jambo geni duniani, wala si geni katika bara letu. Mjini Cape Town, mwaka 1978, walijitokeza watu 525 kwenda safari ya namna hiyo, na muradi wa awali wa walioiandaa haukuwa mchezo bali dai: walitaka wakuu wa mji wawatengee njia zao waendao kwa baiskeli. Dai lile likazaa ada, na ada ikakua hata msafara ule, wenye kilomita zipatazo 109, ukawa unawakusanya watu makumi ya maelfu kila mwaka, na miongoni mwao wako wanaopanda baiskeli moja ya watu wawili, huyu mbele na mwenziwe nyuma. Upo vile vile msafara mrefu utokao Cairo hadi Cape Town, ulioanza mwaka 2003, ambao umekuwa ukiingia nchini kwetu kwa mpaka wa Namanga na kushuka kupitia Arusha na Dodoma kuelekea Iringa na Mbeya. Na wako Watanzania wenzetu ambao hufunga safari ya baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Butiama kumkumbuka Baba wa Taifa, ambaye mwenyewe, mwezi wa Oktoba mwaka 1967, alitembea kwa miguu kutoka kijijini kwake hapo Butiama hadi Mwanza kwa ajili ya kuliunga mkono Azimio la Arusha.

Katika yote yanayosemwa juu ya misafara hiyo, urefu wa njia na wingi wa watu na uzuri wa mandhari, ni nadra kusikia neno juu ya mume na mke waliomo ndani yake, ilhali wamo, na idadi yao yaongezeka. Huja pamoja asubuhi, wamevaa fulana za rangi moja, wakapigwa picha pamoja pale pa kuondokea. Kisha mbiu ikalia, na baada ya kitambo kidogo mmoja yuko mbele na vijana, na mwingine yuko nyuma na watu asiowajua, hata wakakutana tena mwisho wa safari, mmoja amekwisha pumzika na kunywa chai, mwingine ndio kwanza anashuka. Hao wamekwenda safari mbili, wala hawakwenda moja. Kwa itikadi yangu, mume na mke waliojiandikisha pamoja katika msafara wanawiwa kwenda kwa mwendo wa yule aliye mzito kati yao, tangu mwanzo hata mwisho, na walioandaa msafara nao wanawiwa kuwapa nafasi ya kufanya hivyo pasipo kuonewa haya.

Nayasema haya kwa kuwa nimeyaishi. Mume wangu ana goti lililomsumbua kwa muda mrefu, nami nilijifunza baiskeli ujanani, nilipokuwa nikifundisha shule iliyokuwa mbali na nyumba tuliyopangishiwa walimu. Kwa hiyo kati yetu mwepesi ni mimi. Tulijiunga na msafara uliotoka mjini kwenda Bonga asubuhi moja ya Jumamosi, na ndani yake walikuwamo watu wa kila namna: vijana wenye baiskeli za gia na kofia ngumu, walimu, mafundi seremala, wauza maziwa juu ya Phoenix zao nzito zenye bomba la katikati, na mabinti wa sekondari waliokuwa wakicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Kando ya ziwa, ambako njia ni tambarare, tulikuwa kundi moja, na sauti za kengele zilikuwa zikijibizana. Lakini barabara ilipoanza kuinuka, msafara ukakatika vipande, wepesi wakatoweka, nami nikaanza kuisikia pedali ya kulia ya mume wangu, ambayo ilikuwa na kasoro ya kulia kila ifikapo chini, ikilia kwa vituo virefu kuliko mwanzo. Kilio kile kilinipa habari ambayo mwenyewe asingenipa kwa ulimi wake.

“Mama Upendo, tangulia,” akaniambia. “Wenzako wale wanakuacha. Mimi nitakuja polepole.”

“Baba Upendo, wenzangu ni wewe,” nikamjibu, nikapunguza mwendo hata gurudumu langu la mbele likawa sawa na la kwake la nyuma.

Basi akapita kijana wa bodaboda, mwenye adabu zake, akatuamkia shikamoo kwa wote wawili, na tulipomwitikia marahaba akasema kwa furaha: “Mzee, kaza! Usikubali mama akutangulie!” Hakuwa na ubaya wowote kijana yule, na mume wangu alimpungia mkono. Walakini neno lake halikuniondoka. Kwani katika njia ile ile, muda si mrefu kabla yake, nilikuwa nimempita mwanamke mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli yake kupanda kilima peke yake, na mumewe alikuwa amekwisha potelea mbele. Wala hakuna aliyemwita mume yule arudi, wala aliyeona ajabu. Mwanamke akiachwa nyuma, watu huona kuwa ndiyo kawaida ya maumbile. Mwanamume akiwa nyuma, huonekana kana kwamba amevuliwa kilemba hadharani. Na mizani hii miwili huwadhulumu wote wawili: mke hunyimwa mwenzi, na mume hunyimwa ruhusa ya kuchoka. Nimewaona wanaume wenye umri wa mume wangu wakijitesa juu ya mwinuko hata nyuso zao zikabadilika rangi, kwa hofu tu ya kupitwa na wake zao mbele ya watu, na siwezi kuyaita hayo kuwa ni starehe.

Dawa yake ni nyepesi kwa kuisema, na si nyepesi kwa kuitenda: aliye mzito atangulie. Watu wengi hudhani kwamba aliye hodari ndiye anayepaswa kuwa mbele, ili amwonyeshe mwenziwe njia na kumkinga upepo. Katika mashindano hilo ni kweli kabisa, maana nguvu za upepo huzidi mno kadiri mwendo unavyozidi, na anayejificha nyuma ya mwenziwe huokoa nguvu nyingi. Lakini katika mwendo wa starehe, wa kilomita kumi na mbili au kumi na tano kwa saa, faida ya kinga ile ni ndogo, na hasara ya kumtazama mwenzio akikuacha ni kubwa. Aliye nyuma na asiyeweza hujilazimisha, kisha hukata tamaa, kisha hukasirika, na ghadhabu yake haipati pa kutua ila juu ya yule anayempenda. Bali akitangulia, mwendo unakuwa mali yake. Anaongeza apendapo, anapunguza apendapo, na aliye nyuma, akiwa na nguvu zake zilizobakia, huweza kutazama mashamba, kusalimiana na watu wa vibarazani, na kumhadharisha mwenziwe kwa sauti gari likija. Tangu tulipoishika kanuni hiyo tumekuwa tukizungumza njiani, jambo ambalo kabla yake halikuwezekana, kwani hakuna mazungumzo kati ya mgongo na pumzi.

Sifichi kwamba wako wazee, nami nawaheshimu, wasemao si adabu mwanamke mtu mzima, mwenye wajukuu, kupanda baiskeli hadharani akiwa na mumewe kana kwamba ni wavulana wawili. Nimelitafakari sana neno lao, na nimeona kwamba si baiskeli wanayoikataa. Maana mwanamke apitaye na madumu mawili ya maziwa yaliyofungwa kwa mpira kwenye keria hakuna amkemeaye. Huambiwa pole kwa kazi, na akapishwa. Mzigo ndio unaomhalalishia njia. Ukiondoka mzigo, anaulizwa anakwenda wapi. Basi kinachokataliwa ni raha yake, na sijui sharia wala mila iliyopata kusema kuwa raha ya halali ya mke mbele ya mumewe ni haramu. Ama stara, stara ina njia zake, na mafundi wetu wanazijua: baiskeli ya kike isiyo na bomba la katikati, kifuniko cha mnyororo, wavu wa kamba juu ya gurudumu la nyuma ili gauni au kanga isinaswe na njiti. Mama zetu walizipanda hivyo katika zama za baiskeli za Swala, zilizoundwa Dar es Salaam, na hakuna aliyeanguka kwa sababu ya heshima yake.

Wala malalamiko haya si ya kwetu peke yetu. Huko Ulaya, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, baiskeli yenye magurudumu mawili sawa na tairi za upepo ilipoenea, walikuwako matabibu na wahubiri walioonya kuwa itaharibu afya na tabia za wanawake. Katika zama hizo hizo, mwezi wa Julai mwaka 1895, mtaalamu wa fizikia wa Kifaransa, Pierre Curie, alifunga ndoa na Marie Skłodowska, binti wa Kipolandi aliyekuwa akisoma Paris. Hawakufanya karamu kubwa. Fedha walizopewa hiba walinunulia baiskeli mbili, na fungate yao wakaipitisha wakizunguka mashambani mwa Ufaransa, wakilala katika nyumba za wageni za vijijini. Ndio hao hao ambao mwaka 1898 waligundua elementi za radiamu na poloniamu, na mwaka 1903 wakashiriki Tuzo ya Nobel. Sisemi kwamba baiskeli ndiyo iliyowafikisha huko. Nasema kwamba watu wawili waliokusudia kufanya kazi moja aushi yao yote walianza kwa kwenda njia moja, kila mmoja juu ya magurudumu yake mwenyewe, na hakuna aliyebebwa. Hilo nalipenda zaidi hata kuliko ile baiskeli ya viti viwili, ambayo aliye nyuma hana usukani wala breki.

Na tusidhani kwamba aliye mwepesi ndiye mtoaji daima na aliye mzito ndiye mpokeaji. Tulipokuwa tukirejea kutoka Bonga, mwiba wa mgunga uliniingia katika tairi la nyuma, na upepo wote ukatoka kabla sijashuka. Mume wangu, ambaye kilimani nilikuwa nikimngoja, akawa sasa ndiye bwana wa kazi. Aliipindua baiskeli ikasimama juu ya siti na usukani, akaingiza mipini ya vijiko viwili baina ya tairi na rimu, akalitoa tairi upande mmoja, akaivuta tyubu nje, akaijaza upepo kidogo, akaipitisha karibu na mdomo wake polepole kama mtu anayesikiliza siri, hata upepo ukamgusa. Pale akasugua kwa msasa, akapaka gundi, na hapo ndipo mafundi wenye pupa wanapoharibu, kwani hawaachi gundi ikakauka. Yeye aliiacha hata ikapoteza mng’ao wake, akabandika kiraka, akakikandamiza kwa kidole gumba huku akihesabu kimoyomoyo. Kisha akauchunguza mpira wa tairi kwa ndani, kwa ncha za vidole, akautoa mwiba uliokuwa bado umo, ambao mimi ningeuacha ukatoboa tena. Pampu yetu haikufaa kulijaza tairi zima. Nyingine tuliipata kwa mume na mke wengine waliosimama wenyewe bila ya kuitwa, watu wa Magugu, na tukabakia pale kando ya barabara, wanne, tukila karanga zao, hata nikahisi kwamba hiyo ndiyo sehemu ya safari niliyokuwa nimeifuata.

Lipo jambo moja lakini ambalo mapenzi na subira havilitoshi, nalo ni malori. Mji wetu uko juu ya ile njia kuu ya kale ya Cairo na Cape, na hapa ndipo ya Arusha inapokutana na ya Dodoma na ya Singida, kwa hiyo mizigo ya nusu ya nchi yapita mlangoni petu. Lori refu likikupita kwa kasi, kwanza upepo wake hukusukuma pembeni, kisha, likiisha pita, hukuvuta ndani. Na mume na mke waliozoea kwenda sambamba hulazimika kujipanga mmoja nyuma ya mwingine, na aliye mzito hubaki akitetemeka. Sheria yetu imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa ukomo katika maeneo ya makazi, na ukomo huo ungefuatwa, nusu ya hofu ingeondoka. Nusu nyingine itaondoka siku ambayo mabega ya barabara yatakuwa mapana ya kumtosha apandaye baiskeli, badala ya kuishia ghafla katika changarawe. Si ndoto hiyo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kando ya njia zake zilikuwa zimetengwa njia za baiskeli, na kabla ya hapo waendesha baiskeli wa jiji lile, kwa jina la UWABA, walikuwa wakifanya misafara ya kuzidai. Kwa hiyo msafara wa starehe na dai la njia salama vinachukuana, kama vilivyochukuana Cape Town mwaka ule wa 1978; wakuu wakiwaona watu mia tano barabarani kwa pamoja, hawatasema tena kuwa baiskeli hazipo.

Kwa sababu hiyo naiomba Halmashauri ya Mji wa Babati iutwae msafara huu wa Bonga, ambao hadi sasa umekuwa ukiendeshwa kwa nia njema ya watu wachache, iufanye kuwa wa mji mzima, mara moja kwa mwaka, na siku ya kufaa ipo tayari: tarehe 3 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2018 kuwa Siku ya Baiskeli Duniani, nayo hutuangukia baada ya masika kwisha na kabla vumbi halijazidi. Kata ya Bonga imo ndani ya mipaka ya mji, kwa hiyo hakuna ruhusa ya kuombwa mbali. Pa kuondokea pasiwe pengine ila Uwanja wa Tanzanite Kwaraa, uliopokea kilele cha Mwenge wa Uhuru tarehe 14 Oktoba mwaka 2023 mbele ya Rais na umati wa watu. Uwanja ulioweza hayo hautashindwa na baiskeli. Msafara usiondoke gizani, maana viboko wa Ziwa Babati hulisha nchi kavu usiku na hurejea majini alfajiri, nao hawapendi kukatiwa njia. Uondoke kumepambazuka, jua likiwa bado halijawa kali.

Ama wanandoa, waandikwe wawili katika mstari mmoja wa daftari, wapewe namba moja, na saa yao, kama watapenda kuhesabiwa saa, isimame pale atakapowasili wa pili wao. Wasiwekewe muda wa mwisho unaowafukuza barabarani kabla hawajafika. Na lile gari la polisi ambalo kwa desturi hutangulia mbele likipiga king’ora, pamoja na lile la huduma ya kwanza, lipatiwe mwenziwe wa kukaa nyuma kabisa, nyuma ya wawili wa mwisho, kwa mwendo wao wenyewe, bila ya kuwapigia honi. Fundi awepo pale njia inapoanza kuinuka, na mwingine Bonga penyewe, wenye msasa, gundi, viraka na pampu nzima. Maji na chai viwekwe kwenye vibanda vya akina mama wa Bonga, wapate nao chochote. Kata za Bagara, Maisaka, Nangara na Singe zipelekewe daftari mapema, na watakaolipeleka waingie ndani ya nyumba, wamuulize mke mbele ya mumewe, na mume mbele ya mkewe, kama watakwenda. Sisi wawili jina letu limekwisha andikwa, na tumeomba tupangwe katika kundi la kuondoka mwisho, Baba Upendo mbele, mimi nyuma yake. Pedali nayo imetiwa mafuta.